Kuzuia Si Kuchelewesha: Hotuba kuhusu ahadi za muda kwenye mitandao

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wahandisi wa mitandao. Walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka hapa yote kama ilivyosemwa. Slaidi nimeziacha. Palipokuwa na mchoro nimeeleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma: karibuni mbele, viti bado vipo.

Nina jambo moja tu la kusema leo, na nitalizunguka pande zote mpaka likae sawasawa. Ukitaka pakiti, kile kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, ifike ndani ya muda ulioahidi, uwe tayari kuizuia. Ndiyo, kuizuia. Kuiweka kando, laini ikiwa wazi mbele yake, mpaka zamu yake ifike. Najua wengi wenu hapo mmekunja uso, na mna haki. Tumefundishwa kwamba laini iliyokaa bure huku kuna pakiti imesimama ni hasara. Naomba mniazime masikio, kwa sababu nitawaonyesha kwa hesabu kwamba si hasara, na kwamba bila hilo ahadi za muda zinakuwa ghali mno au hazipatikani kabisa.

Tuanze na swali. Mteja anapolalamika kwamba simu zake za intaneti zinakatika, mnamjibu nini? Wengi wetu tunafungua grafu ya matumizi, tunaona laini imetumika asilimia 30 na kitu, tunamwambia: laini ina nafasi tele, tatizo liko kwingine. Grafu ile inasema kweli tupu. Ila imeulizwa swali ambalo silo.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja yenye shida hiyo hiyo. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde, grafu ya wastani wa dakika 5 imelala chini ya theluthi, na bado watu hawasikilizani kwenye simu. Mtoa huduma alikuwa amekwisha kuwashauri wanunue laini kubwa zaidi. Tukaiacha grafu, tukanasa pakiti zenyewe, kila moja na muhuri wake wa wakati, tukazipanga milisekunde kwa milisekunde. Picha ikawa nyingine kabisa. Kimya, kimya, kimya, kisha ukuta. Kimya tena, kisha ukuta mwingine. Kila baada ya robo sekunde hivi, seva ya nakala rudufu, iliyounganishwa kwa gigabiti 1 kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, ilikuwa inatema megabaiti 1 kwa mkupuo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa gigabiti 1 kwa sekunde, inaingia kwenye ruta, kifaa kinachoipeleka data kwenye laini ya nje, kwa milisekunde 8. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, inatoka kwa milisekunde 80. Pakiti ya sauti inayofika nyuma tu ya mkia wa ukuta ule inasubiri milisekunde 72. Inayofika katikati ya kimya haisubiri chochote. Megabiti 8 mara nne kwa sekunde ni megabiti 32, na ndiyo asilimia 32 iliyokuwa kwenye grafu! Hakuna aliyesema uongo pale. Wastani ulikuwa sahihi, na sauti ilikuwa inakatika.

Tulifanya nini? Laini kubwa hatukununua. Tuliiambia seva ile itoe data yake kwa mwendo sawa wa megabiti 40 kwa sekunde, pakiti moja moja, bila kukurupuka. Kile ilichokuwa inakitema kwa milisekunde 8 sasa kikachukua 200, na kikawa kimekwisha kabla ya fungu linalofuata kuwa tayari. Nakala rudufu ikamalizika wakati ule ule iliokuwa ikimalizika zamani. Na pakiti ya sauti? Ikawa inaikuta mbele yake pakiti moja ya baiti 1,500, ambayo kwa megabiti 100 kwa sekunde inapita kwa milisekunde 0.12. Uwezo wa laini haukuongezeka hata biti moja. Kilichobadilika ni mwendo.

Basi hilo ndilo la kwanza: kinachochelewesha pakiti ni mikupuo. Wingi wa data peke yake hauwezi kukuambia kitu. Nitalirudia kwa sababu ndipo tunapokosea kila siku: kinachochelewesha ni mikupuo.

Sasa tuseme kuhusu ahadi. Mnakumbuka kilichotokea Oktoba 1986? Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, data iliyokuwa ikipita kilobiti 32 kwa sekunde ilishuka mpaka biti 40 kwa sekunde. Sikukosea, biti 40. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza kisa kile, na dawa waliyoitengeneza ndiyo inayoendesha TCP, kanuni ya kutuma data intanetini, mpaka leo: mtumaji asikie msongamano na apunguze mwendo mwenyewe. Ilikuwa kazi kubwa, na bila hiyo intaneti isingefika hapa. Lakini tazameni alichopata mtumiaji. Alipata mtandao wenye adabu. Hakupata ahadi. Mtandao ule haukuweza kumwambia, "pakiti yako itafika ndani ya milisekunde 10, hata iweje."

Kwa barua pepe, adabu inatosha. Kwa sauti, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, na hapo adabu inaanza kupungukiwa. Je, kwa breki ya gari? Kwa usukani wa ndege? Kwa mkono wa roboti unaoshirikiana na mwingine kiwandani? Huko neno "kwa kawaida" halina maana. Kuna "daima", au hakuna kitu.

Na "daima" inahitaji mkataba wa pande mbili. Mwaka 1991 mtafiti Rene Cruz alichapisha makala mbili zilizoweka msingi wa hesabu hii, na uzuri wake ni kwamba mkataba wa mtumaji unahitaji namba mbili tu. Ya kwanza ni ukubwa wa mkupuo anaoruhusiwa. Ya pili ni kasi yake ya kudumu. Katika kipindi chochote utakachochagua, awe ametuma si zaidi ya mkupuo wake jumlisha kasi mara muda huo. Chombo cha kusimamia mkataba ni ndoo ya tokeni mnayoijua: tokeni, yaani vibali vya kutuma, zinadondoka ndani kwa kasi isiyobadilika, ndoo ikijaa zinamwagika, na kila pakiti inalipa tokeni kulingana na ukubwa wake kabla ya kutoka. Ikikosa tokeni, inasubiri. Sitakaa hapo zaidi.

Upande wa pili wa mkataba ni ruta. Mwaka 1993 Abhay Parekh na Robert Gallager wa chuo cha MIT walionyesha kwamba ruta ikigawa laini kwa haki, kila mtiririko, yaani mfululizo wa pakiti za kazi moja, ukahakikishiwa sehemu yake, basi ucheleweshaji mkubwa kabisa kwenye ruta moja ni mkupuo ugawanywe kwa kasi uliyotengewa, ukiongeza kidogo kwa kuwa pakiti haikatwi katikati. Mwaka 1994 wakaonyesha hivyo hivyo kwa mtandao mzima. Fikirini ukubwa wa jambo hili! Kabla ya pakiti ya kwanza kutumwa, kwa kalamu na karatasi, unajua ya mwisho haitazidi muda gani.

Je, kuna anayeziamini hesabu hizi kiasi cha kukabidhi maisha ya watu? Wapo. Ndege ya Airbus A380, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2005, inabeba ndani yake mtandao wa Itaneti (Ethernet, teknolojia ya kuunganisha vifaa kwa waya, si intaneti) wa aina ya AFDX, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Kila mtiririko pale umepewa ukubwa wa pakiti usiozidiwa na muda wa chini kati ya pakiti na pakiti, kuanzia milisekunde 1 hadi 128. Chukua mtiririko wenye pakiti ya baiti 500 kila milisekunde 8: hauwezi kuzidi kilobiti 500 kwa sekunde, na hauwezi kuleta mkupuo. Kompyuta ya ndege inauzuia chanzoni. Swichi inaukagua tena mlangoni, na ukivunja mkataba pakiti inatupwa. Kila pakiti inatumwa mara mbili, kwenye mitandao miwili inayojitegemea. Na katika kuipatia ndege ile kibali, ucheleweshaji wa juu kabisa ulithibitishwa kwa hesabu iliyotokana na kazi ile ya Cruz. Hawakupima kwa wiki mbili wakasema inaonekana iko sawa. Walithibitisha.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini, na nitakawia.

Ahadi ina bei. Tuchukue simu ya kawaida ya sauti: kila milisekunde 20 inatoa pakiti ya baiti 200 pamoja na vichwa vyake vyote, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia data. Hizo ni biti 1,600, yaani kilobiti 80 kwa sekunde. Sasa nataka ruta iniahidi ucheleweshaji usiozidi milisekunde 2. Kwa njia ya kugawa kasi, biti 1,600 kwa milisekunde 2 zinadai nitengewe kilobiti 800 kwa sekunde. Mnaona? Ninatumia 80, natengewa 800. Mara kumi! Si kwa sababu nina data nyingi. Ni kwa sababu nina haraka, na kwa utaratibu ule njia pekee ya kununua haraka ni kununua kasi.

Weka simu 100 za namna hiyo kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Zinatumia megabiti 8. Zimetengewa 80. Mtu mwingine akija na mahitaji ya megabiti 50 kwa sekunde, asiye na haraka yoyote, anayeridhika na ucheleweshaji wa milisekunde 50, utamwambia nini? Utamwambia zimebaki 20 za kuahidi. Ni kweli kwamba simu zikinyamaza data yake itapita, laini haitakaa bure, lakini ahadi humpi. Umemfukuza mteja kwenye laini ambayo asilimia 92 yake haina kazi.

Tatizo hasa liko wapi? Liko kwenye kufunga vitu viwili kwa kamba moja. Haraka ni kitu kimoja, wingi ni kitu kingine. Mwenye data kidogo anaweza kuwa na haraka kubwa, na mwenye data nyingi anaweza kuwa hana haraka hata kidogo.

Ifungueni kamba hiyo. Kila mtiririko ukubaliane na ruta kuhusu muda wake, mbali na kasi yake. Pakiti ikiingia inagongwa muhuri: wakati wa kuingia jumlisha muda ulioahidiwa. Huo ndio muda wake wa mwisho. Ruta inahudumia kwanza ile ambayo muda wake wa mwisho uko karibu zaidi. Ni utaratibu wa zamani kwenye ratiba za kompyuta, na kwa ruta moja imethibitishwa kwamba hakuna utaratibu mwingine unaoweza kutimiza ahadi ambazo huu umeshindwa kuzitimiza.

Turudie hesabu ya laini ile ile. Simu 100, zote zikitoa pakiti kwa wakati mmoja, ni biti 160,000. Ongeza pakiti moja kubwa ya biti 12,000 iliyokuwa imeshaanza kutoka: 172,000. Laini inatoa biti 200,000 kwa milisekunde 2. Zinatosha, na simu zote zimetimiziwa. Kisha baki nzima, karibu megabiti 92 kwa sekunde, inaweza kuahidiwa kwa wale wa milisekunde 50, mradi mikupuo yao kwa jumla isizidi takriban kilobaiti 500. Laini ni ile ile, simu ni zile zile, na ahadi kwa simu ni ile ile. Tofauti ni megabiti 20 za kuahidi dhidi ya 92.

Kwa nini basi hatukuhamia huko wote siku ya kwanza? Kwa sababu ya jambo lililowasumbua wataalamu kwa miaka: hesabu hiyo ni ya ruta moja. Njia ina ruta nyingi, na pakiti zikitoka kwenye ruta ya kwanza mwendo wake umeshavurugika. Moja imesubiri, inayofuata imepita moja kwa moja, sasa zimesogeleana. Kwenye ruta ya tatu zimebanana zaidi. Mtiririko ulioingia mtandaoni ukiwa umenyooka unafika ruta ya kumi ukiwa mikupuo mitupu, na mikupuo ndiyo inayochelewesha. Hivyo ruta za mbele zinadai bafa, yaani nafasi ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri, kubwa zaidi na ahadi zake zinalegea.

Na jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 2000 watafiti Anna Charny na Jean-Yves Le Boudec walichunguza mtandao unaopitisha mitiririko ya haraka kwa pamoja, bila kuinyoosha njiani, wakatoa kikomo cha ucheleweshaji ambacho kinafanya kazi pale tu ambapo laini hazijajaa kuliko 1 gawanya kwa idadi ya ruta ukiondoa moja. Njia yenye ruta 10? Moja ya tisa, asilimia 11. Ukizidisha hapo, kanuni yao haikupi kikomo tena. Ndiyo maana mwenye mtandao wa namna hiyo anayetaka usalama hulazimika kuacha sehemu kubwa ya laini wazi.

Suluhisho lilikuja kwa sura ambayo wengi waliiona kama ya kurudi nyuma. Weka kidhibiti mwendo kwenye kila ruta. Kila mtiririko unapoingia ruta yoyote, upitishwe kwanza kwenye ndoo yake ya tokeni na kurudishiwa mwendo ule uliokuwa nao mlangoni, ndipo uingie kwenye foleni. Pingamizi ni lile lililowafanya mkunje uso: je, si unaongeza ucheleweshaji kila hatua? Kuna ruta kumi, kila moja inazuia, na mwisho pakiti itafika kesho!

Haitafika kesho. Mwaka 1996 Leonidas Georgiadis, Roch Guérin, Vinod Peris na Kumar Sivarajan walichapisha makala iliyojibu hoja hii, na jibu lake ni miongoni mwa mambo mazuri sana niliyowahi kusoma katika fani yetu. Walionyesha kwamba kuzuia upya kila kituo hakuongezi kitu kwenye ucheleweshaji wa juu kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuongezi hata kidogo! Na kwamba mtandao wa namna hiyo, vidhibiti vikichaguliwa vizuri, unaweza kutimiza kila ahadi ambayo mtandao wa kugawa kwa haki unaitimiza, na nyingine zaidi.

Inawezekanaje? Fuateni pakiti mbili pamoja nami, polepole.

Mtiririko wetu wa sauti una pakiti kila milisekunde 20. Ruta ya kwanza imeahidi ucheleweshaji usiozidi milisekunde 5. Pakiti ya kwanza inaingia saa sifuri. Bahati yake mbaya, inakuta foleni, inasubiri muda wote, inatoka kwenye milisekunde ya 5. Pakiti ya pili inaingia kwenye milisekunde ya 20. Inakuta laini tupu, inatoka saa hiyo hiyo, milisekunde ya 20. Kati yake na mwenzake sasa zimebaki milisekunde 15.

Zinafika kwenye kidhibiti cha ruta ya pili. Ya kwanza haizuiwi hata kidogo, inapita. Ya pili inaambiwa ingoje: mkataba ni milisekunde 20 baina yenu, na mwenzako alipita kwenye ya 5, wewe utapita kwenye ya 25. Imezuiwa milisekunde 5. Je, imechelewa? Iliingia kwenye ya 20, ruta ya kwanza iliahidi 5, na 20 na 5 ni 25. Imeachiwa kwenye milisekunde ile ile ya mwisho ambayo ruta ya kwanza ingeweza kuitoa bila kuvunja ahadi!

Mmeona kilichotokea? Iliyochelewa kule haikuzuiwa huku. Iliyozuiwa huku ni ile iliyowahi kule. Kidhibiti kinamgusa aliyewahi tu, na kinamgusa kwa kiasi kile tu alichowahi. Hakiwezi kumsogeza nyuma ya kikomo kilichokuwa kimeshahesabiwa. Endelea na ruta ya tatu, ya nne, ya kumi, hoja ni ile ile: hakuna pakiti inayoachiwa na kidhibiti cha mbele baada ya wakati ilioachiwa na cha nyuma jumlisha muda ulioahidiwa kati yao. Cha kuzingatia ni kwamba pakiti za mtiririko mmoja zisipitane njiani, na kidhibiti cha mbele kisiwe kikali kuliko cha nyuma.

Tunachopata kwa malipo hayo ya bure ni kikubwa. Kila ruta inapokea mtiririko ulionyooka kana kwamba ndiyo ruta ya kwanza. Hesabu ya ruta moja inatosha kwa zote: unajumlisha tu. Bafa ya ruta ya kumi ni ndogo kama ya ruta ya pili. Na unaweza kugawa muda upendavyo: ruta iliyolemewa ipe milisekunde 8, iliyo na nafasi ipe 2, jumla ibaki ile uliyomwahidi mteja.

Nisiwafiche upande wa pili. Wastani wa ucheleweshaji unapanda. Pakiti ambayo ingefika mapema sasa inafika karibu na kikomo chake. Kuna wakati laini itakaa bure huku kuna pakiti ndani ya kidhibiti. Je, hilo linamuumiza nani? Mpokeaji wa sauti hawezi kuicheza pakiti kabla ya wakati wake, ataihifadhi kwenye bafa yake mpaka zamu ifike. Usukani vivyo hivyo, na roboti vivyo hivyo. Mwenye ahadi ya muda anajali kikomo. Kumfikishia mapema hakumsaidii, na kule njiani kunawaumiza wengine. Na zile nafasi zinazobaki wazi, zipeni trafiki isiyo na ahadi. Wenye mafaili yao ya kupakua watazitumia zote bila kumdhuru mtu.

Kilichozuia haya kuenea intanetini ni kazi ya kutunza kumbukumbu za kila mtiririko kwenye kila ruta. Huduma yenye kikomo cha ucheleweshaji kwa intaneti, pamoja na itifaki yake ya kuweka nafasi, iliandikwa kwenye hati za viwango vya intaneti RFC 2212 na RFC 2205 mwaka 1997, na mwaka uliofuata dunia ikaelekea kwenye madaraja machache ya huduma, kila moja likibeba mitiririko mingi kwa pamoja, kwa sababu ruta za katikati zilikuwa na mitiririko mingi mno. Siwalaumu. Lakini hali haikubaki pale. Kwenye seva, Google walieleza mwaka 2017 mfumo unaompa kila pakiti wakati wake wa kutoka na kuzipanga zote kwenye gurudumu moja la muda, yaani orodha ya vipindi vya wakati inayozunguka, badala ya foleni moja kwa kila mtiririko. Kwenye swichi, kiwango cha shirika la wahandisi la IEEE, 802.1Qcr cha mwaka 2020, kinaruhusu mitiririko mingi ikae kwenye foleni moja ya kidhibiti, ambapo anayekaguliwa ni aliye mbele tu. Na Le Boudec alithibitisha mwaka 2018 kwamba hata hapo kuzuia ni bure, mradi kituo cha nyuma kinaitoa mitiririko hiyo kwa utaratibu wa aliyetangulia kuingia kutangulia kutoka. Foleni chache, ahadi zile zile. Enyi mnaotengeneza mitandao ya viwandani na ya magari, sababu ya kusema "haiwezekani kwa vifaa vyetu" inazidi kupungua.

Namalizia na jambo moja la kazini, kwa wale watakaokwenda kujaribu kesho, kwa sababu nimeona likipuuzwa. Ni saa za vifaa.

Kila nilichosema kinadhania kwamba sekunde ya chanzo na sekunde ya kidhibiti ni sawa. Si sawa. Itaneti inaruhusu saa ya kifaa ipotoke kwa sehemu 100 katika milioni, mbele au nyuma. Tuseme chanzo kinakimbia kwa sehemu 50 na kidhibiti kinachelewa kwa sehemu 50, vyote viwili ndani ya ruhusa. Umekipa kidhibiti kasi ile ile ya mkataba, kilobiti 80 kamili, na chanzo kinatuma bila kupumzika. Kila sekunde, maikrosekunde 100 zinabaki nyuma ndani ya kidhibiti, na hazitoki. Baada ya sekunde 20 zimekuwa milisekunde 2, ahadi yote ya ruta imeliwa. Baada ya siku nzima ni sekunde 8 na zaidi. Kwenye maabara, kwa jaribio la sekunde 10, hutaona chochote. Ludovic Thomas na Le Boudec walilichambua jambo hili mwaka 2020, na tiba ni rahisi: kipeni kila kidhibiti kasi inayozidi kidogo ya kile kilicho nyuma yake. Kinachotakiwa ni kuzidi tofauti kubwa ya saa inayowezekana. Sehemu 1 katika 1,000 inatosha kwa vifaa vya kawaida. Kisha hesabuni upya mikupuo kwa kasi hizo mpya kabla ya kuahidi chochote, na jaribio liacheni liende usiku kucha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kwa maswali, na nitafurahi tukianza na wale wa nyuma.